Nyumba Juu, Shamba Chini: Nani Ahame Uwanda wa Tana?

Kila Mto Tana unapovimba na maji kuingia vijijini kati ya Garsen na Ngao, agizo huwa lile lile: hameni, pandeni juu. Chifu hulisema barazani, redio hulirudia, hema huletwa na lori. Maji yakishuka, waliohama hurudi walikotoka, hukandika upya kuta za udongo na kupanda mpunga na mahindi. Msimu mwingine mkubwa ukija, agizo hutolewa tena. Anayetazama picha hizo akiwa mbali huuliza kwa nini watu hawa hawaondoki moja kwa moja.

Mkanganyiko ulizidi mwaka 2023. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imeonya kuhusu mvua za El Niño, kisha mwezi Oktoba Rais William Ruto akasema utabiri mpya haukuonyesha mvua za uharibifu. Wiki chache baadaye Tana ilikuwa imefurika, na barabara ya Garsen kwenda Lamu imefunikwa maji huko Gamba na Lango la Simba. Masika ya 2024 maji yakarudi kwa nguvu zaidi. Ufunguzi wa shule za nchi nzima uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei, na katika kaunti ya Tana River kipindupindu kikazuka. Katikati ya hayo habari moja ilienea vijijini kuliko taarifa yoyote rasmi: KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wamefungulia mabwawa.

Kwa hiyo mkazi wa uwanda huu anasikia kauli tatu kwa wakati mmoja. Moja inasema ahame. Ya pili inasema tatizo ni mto, na dawa yake ni bwawa kubwa litakaloufunga. Ya tatu, ambayo husemwa zaidi na wazee na watu wa mazingira, inasema mafuriko ndiyo uhai wa delta na kuyaondoa ni kuiua. Kila kauli ina ukweli ndani yake. Kila moja pia inaficha gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayeitoa.

Mto usiotulia

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Unaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unashuka hadi Garissa, kisha unapita nchi kavu na tambarare mpaka Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Huku chini mvua ni haba. Maji yanayofurika Garsen aghalabu yalinyesha Murang'a, Nyeri, Embu na Meru, na kwa desturi hupanda mara mbili kwa mwaka: baada ya masika, na tena baada ya vuli.

Kupanda huko ndiko kulikojenga uchumi wa hapa. Maji yakitoka kingo huacha tope lenye rutuba, na Wapokomo wamelima kwa kulifuata tope hilo kwa vizazi: mpunga mahali panapotuama maji, mahindi na ndizi kwenye kingo, miembe pale palipoinuka kidogo. Maziwa ya uwandani kama Shakababo na Bilisa hujazwa na mafuriko, na samaki huingia humo kuzaliana. Mto ukikosa kufurika miaka kadhaa, maziwa hukauka na uvuvi hufa. Nyasi zinazobaki baada ya maji kushuka ndizo malisho ya akiba ya Waorma na Wardei wakati wa kiangazi, wanapoteremsha mifugo kwa njia za mtoni ziitwazo malka. Tope moja huwalisha mkulima, mvuvi na mfugaji.

Mto wenyewe nao huhama. Katika karne ya 19 utawala wa Witu ulichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi. Maji yakaupanua, na leo ndiko mto unakopitia kwenda Kipini badala ya mdomo wake wa zamani. Mwaka 1989 Tana iliacha mkondo wake karibu na Hola, na skimu ya umwagiliaji ya huko ikabaki na pampu zisizofikia maji. Anayechora ramani ya "eneo salama" mara moja na kuifunga kabatini ajue kwamba mto haujasaini ramani hiyo.

Ngao ina somo lake hapa. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika katika miaka ya 1880 na kuifanya kituo chao, na taasisi zilizofuata, hospitali na shule, zimeufanya mji mdogo huu uwe mkubwa kuliko idadi ya paa zake. Ngao imekaa ukingoni: upande mmoja uwanda wa mafuriko, upande mwingine nchi inapanda kuelekea Tarasaa. Si kwamba maji hayaisumbui. Lakini mpangilio wake, huduma karibu na nchi kavu na mashamba kule chini, ni jibu la zamani kwa swali linaloulizwa leo kana kwamba ni jipya.

Je, ni mabwawa?

Katika mkondo wa juu kuna mabwawa matano ya Seven Forks: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Yamekuwa nguzo ya umeme wa Kenya kwa miongo. Masinga ndilo ghala kuu, lenye uwezo wa takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Mengine yote yanautegemea mgawo wake.

Lawama kwamba "wamefungulia" ina jibu la kiufundi. KenGen hueleza kwamba bwawa likijaa pomoni, maji ya ziada hupita juu ya njia yake ya kumwagia, wala hakuna mtu anayefungua lango kwa kusudi la kuwazamisha watu wa chini. Hilo ni kweli, lakini haliishii hapo. Bwawa hupunguza mafuriko pale tu linapokuwa na nafasi tupu ya kuyapokea, na mzalishaji wa umeme hapendi nafasi tupu. Kwake kila mita ya maji ni akiba ya kiangazi. Mvua kubwa ikilikuta bwawa tayari limejaa, kinachoingia ndicho kinachotoka. Hakuna njama hapo. Kuna uamuzi, uliofanywa miezi kabla, wa kuupa umeme uzito kuliko usalama wa watu wa chini. Uamuzi wa namna hiyo unastahili kujadiliwa waziwazi, na mtu wa Idsowe au Hewani hajawahi kuwa na kiti katika meza unakofanyiwa.

Mabwawa yamefanya jambo la pili ambalo halionekani kwenye picha za mafuriko. Yamepunguza yale mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakija karibu kila mwaka, na yamezuia sehemu ya tope. Mafuriko makubwa, kama ya 1997–98, 2018 na 2023–24, yamebaki. Mkulima wa uwandani amepata hasara mbili: anakosa maji yenye manufaa katika miaka ya kawaida, na bado anapata yale ya uharibifu. Mtu akikaa miaka sita bila kuona maji mlangoni huanza kujenga chini zaidi, tena kwa vifaa vya kudumu. Usalama wa miaka ya kati huongeza hasara ya mwaka mbaya.

Ndipo tunafika kwenye bwawa la High Grand Falls, ambalo limekuwa katika mipango ya serikali kwa muda mrefu, likiwa na ukubwa unaotajwa kuzidi mita za ujazo bilioni 5. Wanaolitetea wana hoja nzito. Ghala la ukubwa huo, likiendeshwa kwa nia ya kuzuia mafuriko, linaweza kumeza mvua ambazo Masinga haliwezi. Lingeleta umeme, umwagiliaji na maji kwa miji na kwa mradi wa bandari ya Lamu.

Lakini tayari katika vijiji vya chini kabisa kama Ozi, Chara na Kilelengwani maji ya chumvi hupanda mtoni wakati mkondo unapopungua, na miembe na mashamba ya mpunga yameharibika kwa chumvi hiyo. Mto dhaifu hauna nguvu ya kuisukuma bahari. Bwawa kubwa likijengwa bila sharti la kuachia maji kwa vipindi, kwa kuiga mafuriko ya asili, litaokoa nyumba za Garsen na kuwafukuza watu wa Ozi kwa njia nyingine. Sharti hilo hutajwa katika semina. Halina thamani mpaka liandikwe kwenye mkataba wa anayeendesha bwawa, pamoja na adhabu ya kulivunja.

Hoja ya kuhama

Hoja hii mara nyingi hutolewa kwa kebehi, kana kwamba wakazi ni wakaidi, na ndiyo sababu hukataliwa kabla ya kusikilizwa. Inastahili kusikilizwa, hasa kwa upande wa afya na elimu.

Uwandani maji ya ardhini yako karibu, na choo cha shimo hufurika mapema kuliko nyumba. Kisima na choo vikishachanganyika, kipindupindu kinahitaji mgonjwa mmoja tu. Mei 2024 makumi ya visa viliripotiwa katika kaunti hii. Malaria hupanda wiki chache baada ya maji kutuama. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo katika milipuko ya 1997–98 na 2006–07, hufuata mafuriko kwa sababu mbu wanaoieneza hutaga mayai yanayongoja ardhini miaka mingi mpaka yalowe. Na mlipuko huo ukitokea soko la mifugo hufungwa, hivyo mfugaji ambaye maji hayakumfikia hufilisika vilevile.

Kisha kuna suala la kufika. Mama mjamzito aliye ng'ambo ya maji anahitaji mashua kabla hajahitaji daktari, na hospitali ya Ngao haiwezi kumsaidia asiyefika. Katika shule, mafuriko huchukua muhula kwa njia mbili: watoto hawafiki, na madarasa ya shule zilizo mahali pa juu hugeuzwa makao ya waliohamishwa. Mtoto wa uwandani anayepoteza wiki sita anafanya mtihani uleule na mtoto wa Malindi ambaye hakupoteza hata siku moja. Hasara hii haimo katika hesabu ya nyumba zilizobomoka.

Serikali ya kaunti chini ya Gavana Dhadho Godhana imekuwa ikihimiza vijiji vidogo vikusanywe mahali pamoja palipoinuka. Kwa hesabu ya huduma ina mantiki: bomba moja, zahanati moja, laini moja ya umeme na shule moja yenye walimu wa kutosha, badala ya vijiji kumi vyenye nusu ya kila kitu. Kutoa msaada wa dharura kwa watu walewale kila baada ya miaka michache ni ghali, na fedha hizo haziachi chochote nyuma isipokuwa hema zilizochanika.

Hata hivyo wengi hurudi, kwa sababu huko juu aghalabu hakuna maji ya kunywa ya uhakika, shamba liko mbali, na nyani na nguruwe-mwitu hawangoji mwenye shamba atembee kilomita tano kuja kuwafukuza. Mkulima anayelala mbali na mpunga wake katika wiki za kuiva anavuna makapi. Kurudi kwake ni hesabu, na aliyemwita mkaidi hakuipiga hesabu hiyo.

Nchi ya juu ina wenyewe

Hapa ndipo mjadala mzima hukwama, na hapa ndipo husemwa machache, kwa kuwa yanauma.

"Juu" ambako mkulima anaambiwa ahamie si mahali patupu. Ni malisho ya masika ya wafugaji, nchi ambayo Waorma na Wardei huitumia wakati uwanda umejaa maji. Utaratibu wa zamani ulikuwa wa kupishana: maji yakipanda, ng'ombe wako juu na mkulima anangoja, maji yakishuka, mkulima anapanda, kisha mifugo inateremka kwa malka. Ukimhamishia mkulima juu na kumpimia ploti, unagusa upande wa pili wa utaratibu huo. Na ukimruhusu mkulima kufunga malka kwa mashamba huku chini, unaugusa upande wa kwanza.

Bei ya kuugusa inajulikana. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mashambulizi ya kulipiza yakafuata, Chamwanamuma, Kilelengwani na kwingine, hadi Januari 2013, na waliokufa kwa jumla wakazidi 100. Siasa za mwaka wa uchaguzi zilichochea moto, lakini kuni zilikuwa malisho, maji na mipaka. Mpango wowote wa kuhamisha vijiji unaopuuza miezi hiyo ni mpango hatari, hata ukiwa na michoro mizuri ya barabara na mitaro.

Kuna kumbukumbu ya pili, inayomfanya mkulima asiamini ahadi. Mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, ilipewa maelfu ya hekta katika delta kwa mradi wa mpunga uliofadhiliwa na Japani. Mafuriko ya El Niño ya 1997–98 yalibomoa matuta na mifereji yake, na mradi ukalala kwa miaka. Ardhi haikurudi vijijini. Baadhi ya wakazi walijikuta wakiitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mwaka 2008 ukaja mpango wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias wa kupanda miwa kwenye takriban hekta 20,000, uliopingwa mahakamani na ambao haukufika popote. Aliyepitia hayo akisikia "hameni kwa usalama wenu" husikia pia swali ambalo halikutamkwa: shamba nililoliacha litakuwa la nani?

Sheria ipo. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza jinsi jamii inavyoweza kuisajili na kupata hati. Kikwazo ni usajili wenyewe, unaokwenda polepole, na mipaka ya jamii moja na nyingine ambayo lazima ikubaliwe kwanza. Mpango wa matumizi ya ardhi wa delta, uliotayarishwa kwa kushirikisha vijiji baada ya ghasia za 2012, umeonyesha kwamba wakulima na wafugaji wanaweza kuketi na kuchora njia za mifugo kwenye karatasi moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya thamani kubwa kuliko zote zilizofanywa hapa katika miaka 20 iliyopita, na imetumiwa kidogo mno.

Kubaki na mto

Kauli ya tatu ina sayansi nyuma yake. Delta ya Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2012 kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na kila utafiti wa uwanda kama huu hufika palepale: ondoa mafuriko, na samaki, nyasi na mpunga huondoka pamoja nayo. Wanaotetea kubaki husema nyumba ziinuliwe, mbegu zinazoiva haraka zitumike, kila kijiji kiwe na mashua na ghala la juu.

Ni hoja nzuri kwa shamba, na dhaifu kwa zahanati. Mtu mzima anaweza kuishi na maji wiki mbili. Jokofu la chanjo haliwezi, wala darasa la wanafunzi 40, wala mgonjwa wa kifua kikuu anayetakiwa kumeza dawa bila kukosa siku. Watetezi wa kauli hii pia husahau kwamba mafuriko wanayoyasifu yalikuwa ya wastani na ya kutabirika, na hayo ndiyo yaliyopungua. Kumwambia mkulima aishi na mto wa babu yake wakati mto wenyewe umebadilishwa na mabwawa ya juu, na mvua zimebadilishwa na joto la bahari, ni kumpa ushauri wa nchi ambayo haipo tena.

Mizani

Ukizipima kauli hizi tatu utaona kosa lake moja: kila moja inamchukulia mkazi kama kitu kimoja cha kuhamishwa au kuachwa. Maisha ya uwandani yana sehemu nyingi, na kila sehemu ina mahali pake. Nyumba ya kulala, shule, zahanati na ghala la nafaka vina sababu zote za kuwa kwenye nchi iliyoinuka. Shamba, miembe na uvuvi havina pa kwenda. Vijiji vilivyo karibu na ukingo, kama vile vya upande wa Ngao na Tarasaa, vinaweza kugawanya mambo hivyo kwa mwendo wa saa moja au chini yake. Vilivyo katikati ya uwanda, ambako nchi ya juu iko mbali, haviwezi, na kwao fedha zingefaa zaidi kutengeneza vilima vya kujengea, mashua na zahanati tembezi.

Hata pale panapowezekana, mambo matatu yatangulie lori la kwanza. Hati ya jamii itakayolinda shamba la chini baada ya mwenyewe kulala juu. Makubaliano ya malka, yaliyosainiwa na wazee wa pande zote. Na maji ya bomba yanayotoka siku ile familia inapofika. Likikosekana lolote kati ya haya, watu watarudi chini, na watakuwa na haki.

Bwawa kubwa sioni likilinda delta hii mpaka kanuni za kuachia maji ziwe sheria yenye meno. Kwa sasa swali la haraka zaidi ni namna Masinga na Kiambere yanavyoendeshwa kabla ya masika, na nani anaarifiwa yanapokaribia kujaa.

Hilo halihitaji kungoja hati wala bwawa jipya. Mafuriko ya Tana ya chini huja polepole. Maji yakishapanda Garissa, ambako kina cha mto kimepimwa kwa miongo, huchukua siku kadhaa kuteremka hadi Garsen. Siku hizo zinatosha kuvusha mifugo, kupandisha nafaka, kuwapeleka wajawazito karibu na hospitali na kuondoa chanjo kwenye zahanati za chini. Kipimo cha Garissa kikisomwa redioni kila asubuhi, kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, pamoja na kiwango cha maji Masinga, na kikielezwa kwa alama ambazo watu wanazijua, mti huu au daraja lile, gharama yake ni dakika tano za hewani. Kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya masika yajayo.